Bustani ya mita 8 kwa 12: kupata mboga za kituo cha watoto kila wiki

SWALI: Habari za kazi, Bwana Shamba. Nipo Kihonda, Morogoro. Nyuma ya nyumba nina eneo la mita 8 kwa 12 na maji ya bomba. Nyumbani tupo watano. Huwa nasia mchicha, ukiwa tayari unakuwa tayari wote. Nagawa kwa majirani mpaka wanaanza kunikwepa, halafu wiki tatu nzima sina hata tembele. Jirani na kwetu kuna kituo cha watoto yatima, watoto 28 na walezi wanne. Natamani niwapelekee mboga mara mbili kwa wiki, kwa uhakika. Eneo linatosha? Nipande nini, kiasi gani? – Mama Neema

JIBU: Eneo linatosha, Mama Neema. Kinachokukwamisha ni kusia pakiti nzima siku moja. Mboga za majani hazisubiri: mchicha ukipitiliza wiki moja unakuwa na bua gumu na maua, na hapo ndipo mtu anagawa kwa sababu hana la kufanya. Kituo hakiwezi kupanga mlo kwa kutegemea ziada ya namna hiyo. Kwa hiyo panga bustani kuanzia kwenye sufuria ya kituo, urudi nyuma hadi siku ya kusia.

Kabla hujanunua mbegu, kaongee na anayepika pale. Muulize siku wanazopika ugali na mboga, anawasha moto saa ngapi, ana msaidizi au yuko peke yake, na wahisani wengine wanaleta nini. Vituo vingi hupata vitu tele Ramadhani na Krismasi, kisha Januari jikoni panakauka. Muulize pia watoto wanasusa nini. Mnavu kwa mfano ni mboga nzuri sana, lakini uchungu wake huwashinda wadogo wasioizoea, na utakuwa umelima tuta zima la kurudishwa kwenye sahani.

Sasa hesabu. Kwa mlo mmoja weka gramu 100 za majani mabichi yaliyokwisha kuchambuliwa kwa kila mlaji. Usione ni nyingi. Mchicha ukiiva unasinyaa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku kwa mtu wa kuanzia miaka 10, na 250 kwa mtoto wa miaka 2 hadi 5, kwa hiyo hapo bado uko chini. Walaji 32 ni kilo 3.2. Mchicha ukiukata mizizi na kutupa mabua magumu unapoteza karibu theluthi, maana yake ung'oe kilo 4.5 hadi 5 ili ibaki hiyo 3.2. Sukuma wiki inapoteza kidogo zaidi ya robo ukitoa bua la katikati, basi kilo 4.5 inatosha. Njia rahisi kuliko zote ni kuipa kila siku mboga yake. Tuseme Jumanne ni mchicha, Ijumaa ni sukuma. Hapo huhitaji kupima bustani nzima kila mara, unajua tu tuta gani linadaiwa lini.

Gawa eneo lako katika matuta manane, kila moja upana wa mita 1 na urefu wa mita 7, njia za sentimeta 40 katikati. Upana usizidi mita 1, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga udongo. Itabaki mita moja upande mmoja ya kupita na toroli, na kama mita 1.2 mwishoni kwa ajili ya kitalu na lundo la mboji. Matuta matatu yawe ya mchicha, mawili ya sukuma, moja la matembele, moja la nyanya chungu, na moja ni lenu kabisa: nyanya, hoho, karoti, chochote mnachopenda. Hilo la mwisho usiliguse kwa ajili ya kugawa. Bustani ambayo wenye nyumba hawaifaidi haimalizi mwaka.

Matuta matatu ya mchicha yakate nusu nusu upate vipande sita vya mita 3.5 kila kimoja. Kila Jumanne sia kipande kimoja tu. Mchicha wa kung'oa huwa tayari baada ya wiki nne, kwa hiyo uliosia Jumanne unaung'oa Jumanne ya nne inayofuata. Ukianza na kipande cha kwanza leo, wiki ya tano unakivuna, kinapumzika wiki mbili ukikitia samadi, na wiki ya saba unakisia tena. Vipande sita badala ya vinne vinaonekana vingi mno, lakini Juni na Julai baridi ikishuka mchicha unachukua hadi wiki tano, na mvua kubwa ya masika inaweza kukuharibia kipande kizima. Hiyo nafasi ya ziada ndiyo inayokuwezesha kutimiza ahadi.

Kipande cha mita za mraba 3.5 kinataka gramu 3 hadi 4 za mbegu, ni kijiko kimoja cha chai. Mbegu ya mchicha ni ndogo sana, gramu moja ina zaidi ya mbegu elfu, ndiyo maana mkono ukimwaga tu inaota kama zulia. Changanya hicho kijiko na vikombe viwili vya mchanga mkavu uliochekechwa. Chora mistari ya kina cha nusu sentimeta, nafasi sentimeta 15, nyunyiza mchanganyiko, funika kidogo, tandaza nyasi kavu na umwagilie kwa keni yenye matundu madogo. Siku ya tatu au ya nne mimea ikichomoza ondoa nyasi jioni, siyo mchana. Wiki ya pili punguza ibaki nafasi ya sentimeta 5 hivi kati ya mche na mche. Hiyo miche unayong'oa ni mboga laini ya nyumbani. Kwa matunzo ya kawaida utapata kilo 1.5 kwa kila mita ya mraba, yaani zaidi kidogo ya kilo 5 kwa kipande. Upande wa mbegu, tafuta aina za majani mapana zinazochelewa kutoa maua, kama Madiira 1 iliyotokana na kazi ya watafiti wa Tengeru, Arusha. Mchicha wa kienyeji unaoota wenyewe ni mtamu, lakini unawahi maua.

Sukuma inaanzia kitaluni. Sia mbegu 45 hivi kwa kila tuta, na baada ya wiki nne, miche ikiwa na majani manne au matano, hamisha jioni. Weka mistari miwili kwenye tuta, sentimeta 60 kati ya mistari na 45 kati ya miche: tuta la mita 7 linabeba miche 30. Matuta mawili ni miche 60. Mche uliotunzwa unatoa majani matatu kwa wiki, na jani zuri lina gramu 25 hivi. Sitini mara tatu mara 25 ni kilo 4.5, Ijumaa yako imepatikana. Wakati wa kuchuma acha majani matano au sita ya juu kila mara. Anayechuma hadi kileleni anavuna leo na kulipia wiki tatu. Vunja jani kwa kulisukuma chini, usilivute likachana ngozi ya shina.

Usipande matuta yote mawili ya sukuma siku moja. La pili liwe wiki sita nyuma ya la kwanza, kwa sababu sukuma hutoa kwa nguvu miezi mitatu hadi minne kisha majani yanakuwa madogo na magumu. Yakianza kuwa hivyo kwenye tuta la kwanza, uwe tayari na miche mingine kitaluni. Kingine, Morogoro mjini mko chini na kuna joto. Sukuma inapenda ubaridi; miche ya Machi na Aprili itakulipa vizuri Juni hadi Septemba. Kuanzia Desemba hadi Februari usiitegemee. Miezi hiyo weka kunde kwenye tuta moja la sukuma na uchume majani yake kuanzia wiki ya tatu au ya nne. Kunde inavumilia joto, na inaacha udongo ukiwa na nguvu kidogo kuliko ilivyoukuta.

Matembele ni akiba yako. Kata marando ya sentimeta 30 kutoka kwa jirani, zika vifundo viwili au vitatu ardhini, nafasi sentimeta 30, na baada ya wiki tano unaanza kuchuma ncha. Hayana makuu: yanastahimili joto, hayaugui ovyo, na ukikata yanachipua. Jumanne ambayo mchicha umeharibika, matembele yanaziba pengo. Nyanya chungu nayo, miche 22 kwa nafasi ya sentimeta 60, inachelewa (hesabu miezi miwili na nusu hadi mitatu tangu kuhamisha) lakini ikianza inatoa kila wiki kwa miezi mingi, na inasafiri bila kunyauka. Kwenye uzio panda kisamvu kama huna. Ukikigawa, kiende kwa mpishi anayejua kwamba lazima kitwangwe na kuchemshwa vizuri, sufuria ikiwa wazi, kwa sababu kikiwa kibichi kina sumu ya sayanaidi. Kwa wapishi wa kwetu hilo ni jambo la kawaida, lakini kituo kikipokea mgeni wa kujitolea akiwa zamu ya jikoni, mkumbushe.

Mbolea: ndoo mbili za lita 20 za samadi iliyooza kwa kila tuta, ndoo moja kwa kipande cha mchicha, kila unapopanda upya. Neno "iliyooza" nalisisitiza kwa sababu mboga hizi zinakwenda kwa watoto wa watu. Samadi mbichi inabeba vijidudu vya kuhara na mayai ya minyoo. Kanuni inayofuatwa na wakulima wa kilimo hai Marekani ni siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna zao linalogusa udongo. Mchicha wako una siku 28, kwa hiyo samadi mbichi haina nafasi kabisa kwenye bustani hii. Ya kuku ndiyo hatari zaidi: inaunguza na miche. Samadi iliyo tayari haina harufu kali, haina joto ukiingiza mkono, na huwezi kutambua ilikuwa nini. Mchicha ukiwa na rangi ya manjano wiki ya pili, urea gramu 10 kwa mita ya mraba inatosha, inyunyizwe kati ya mistari kwenye udongo wenye unyevu, mbali na majani. Vizibo viwili vya soda ni kama gramu 10. Siku kumi za mwisho kabla ya kuvuna usiweke kitu.

Maji ndiyo yatakayokuchosha, afadhali nikueleze mapema. Wakati wa kiangazi matuta manane yenye mboga yanakunywa karibu lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku, yaani lita 280, ndoo 14. Matandazo ya nyasi kavu kwenye sukuma na nyanya chungu yatapunguza, lakini hayaondoi kazi. Kama bomba lako lina mgawo, usianze na matuta yote manane. Anza na mchicha na matembele, upeleke siku moja kwa wiki, uone. Hata maji yakiwepo, siku mbili kwa wiki usiziahidi kabla ya kutimia miezi minne tangu uanze: mchicha wa kwanza unatoka wiki ya tano, ila sukuma ukihesabu kitalu na kukua hadi kuchumwa ni wiki kumi kwa tuta la kwanza, na la pili bado liko nyuma wiki sita. Kuanza na siku moja ukaongeza ni heri. Mpishi akishazoea Ijumaa ya mboga akaacha kununua, siku usipotokea watoto wanakula ugali na chumvi.

Sasa yanayoharibika. Kinyausi hupiga mchicha na miche ya kitaluni wakati wa masika: shina linalainika usawa wa udongo na mche unalala. Chanzo ni kusia kwa msongamano na maji kutuama, basi inua matuta sentimeta 20, mwagilia asubuhi badala ya jioni, na ukiona doa linaanza, ng'oa na udongo wake. Sota, kiwavi anayeishi udongoni, anakata miche ya sukuma usiku; asubuhi fukua udongo pembeni ya mche ulioanguka utamkuta amejikunja hapo hapo. Kiangazi wanakuja vidukari chini ya majani na viwavi wa nondo mgongo almasi wanaotoboa sukuma. Kwa idadi ya miche yako, dakika 15 za kukagua na kuponda kwa vidole mara mbili kwa wiki zinashinda bomba la kupulizia. Ikizidi, twanga gramu 500 za kokwa za mwarobaini, loweka kwenye lita 10 za maji usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, pulizia jioni chini ya majani, na acha siku tatu kabla ya kuchuma.

Dawa za dukani sikushauri kwenye mboga za majani za kugawa. Kila dawa ina siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko, nyingine siku 3, nyingine 7, nyingine 14 na zaidi. Sukuma inayochumwa kila Ijumaa haina dirisha la siku 14. Jani lenye matundu machache halina neno, mpishi atalisamehe.

Tatizo ambalo wengi hawalioni ni minyoo fundo, vijiminyoo vya udongoni vinavyoshambulia mizizi. Mchicha unadumaa kipande kimoja bila sababu, unatia mbolea, haubadiliki. Kila unapong'oa angalia mizizi: ikiwa na mafundo kama shanga, ndio wao. Wanapenda pia bamia, nyanya na nyanya chungu, kwa hiyo usipokezane mazao hayo peke yake mahali pamoja. Samadi na mboji nyingi huwapunguza, na mahindi au bangi mwitu (ua la jamii ya marigold, siyo bangi ya kuvuta) kwa msimu mmoja husaidia. Mizizi yenye mafundo ichome, isiende kwenye lundo la mboji. Na hata pasipo minyoo, hamisha sukuma kwenda kwenye matuta ya mchicha, na mchicha kwenye ya sukuma, angalau mara moja kwa mwaka.

Siku ya kuvuna, mwagilia jioni ya kuamkia, uvune alfajiri kati ya saa 12 na saa 1, kabla jua halijapanda. Jani lililovunwa saa 5 linanyauka ndani ya saa moja, la alfajiri likifunikwa kwa gunia bichi kivulini linafika mchana likiwa zima. Mchicha ukate mizizi hapo hapo bustanini ukung'ute udongo, usipeleke matope jikoni kwa watu. Ukiosha, osha kwa maji yale yale mnayokunywa. Kama hayapo, peleka kavu waoshe wao. Kupanga majani kwenye beseni la maji yaliyotuama ili yaonekane mabichi kunayaozesha.

Kubwa zaidi ni kuchambua. Kilo 5 za mchicha kwa mpishi mmoja mwenye watoto 28 ni saa nzima ya kazi, na nimeshasema umuulize kama ana msaidizi. Kama hana, kaa na wanao Jumanne asubuhi mchambue nyumbani, mpeleke kilo 3.2 zilizo tayari kuoshwa na kukatwa. Mboga ikifika saa 3 inaingia mlo wa mchana. Ikifika saa 7 inalala, na kesho yake nusu ni ya kuku. Beba kwenye tenga au beseni, au kiroba kisafi ambacho hakijawahi kuwa na mbolea. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019, na hata isingekuwa hivyo inachemsha mboga. Pita mlango wa jikoni, kabidhi, ondoka. Picha na watoto hazihitajiki.

Majirani nao usiwaache. Wale wanaokukwepa ukiwa na mchicha watakuja wenyewe ukiwapa marando na miche ya sukuma iliyobaki kitaluni, na siku umesafiri mmoja wao anaweza kukuvunia Jumanne yako.

Wiki ambayo mavuno yamezidi hata kwa kituo, kausha. Chovya majani kwenye maji yanayochemka yenye chumvi kidogo kwa dakika mbili, yachuje, yatandaze kwenye wavu au chekeche kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali linaua vitamini A. Kilo 10 mbichi zinarudi kilo moja na kitu. Yakiwa yanakatika kwa vidole, yaweke kwenye ndoo kavu yenye mfuniko unaobana, andika tarehe, na uyapeleke Januari.